Je, mawazo yanaweza kuleta ugonjwa wa sukari?

Mwezi huu tumechagua jambo ambalo watu wanabishana sana juu yake hapa kambini, kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya mgao, na hata baada ya ibada. Mtu akiambiwa hospitalini kwamba ana sukari, utasikia jirani anasema: "Si ajabu. Yule mama ana mawazo mengi, mawazo ndiyo yamemletea." Mwingine anajibu: "Hapana bwana, sukari inaletwa na sukari. Sasa sisi tumeipata wapi, wakati hata chai tunakunywa bila sukari?" Na wa tatu ananong'ona kwamba mtu amerogwa.

Nani kati yao anasema kweli? Sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa swali hili na wazazi, na hata na wanafunzi wakubwa. Jibu kwa ufupi ni hili: yule wa kwanza ana sehemu ya ukweli, wala si ukweli wote. Mawazo peke yake hayatoshi kumpa mtu kisukari. Lakini mawazo ya muda mrefu yanaweza kufungua njia kwa ugonjwa huu, na kwa mtu ambaye tayari anao, yanaweza kuipandisha sukari hata kama hajala kitu kibaya. Ndiyo maana familia inayomuuguza mgonjwa wa sukari inatakiwa kuangalia sahani yake, dawa zake na moyo wake, vyote vitatu.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, muhogo, viazi na mkate, kikifika tumboni kinageuka kuwa sukari inayoitwa glukosi. Sukari hii inaingia katika damu na kusambazwa mwili mzima. Ni nguvu yetu. Bila hiyo hatuwezi kulima, kubeba maji wala kufikiri.

Tuchukue mfano tunaoujua. Damu ni kama barabara inayoleta magunia ya unga kwenye kituo cha mgao. Watu wanaosubiri unga ni nyama za mwili. Yule anayefungua geti ili watu wapate ni insulini, ambayo inatengenezwa na kiungo kinachoitwa kongosho, kilicho nyuma ya tumbo. Asipokuwepo mfungua geti, au geti likiwa gumu kufunguka, magunia yanajaa barabarani huku watu ndani wanakufa njaa. Hicho ndicho kisukari. Sukari imejaa kwenye damu, lakini mwili umechoka na umekonda.

Kuna kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho karibu halitoi insulini kabisa. Hiki huanza mara nyingi utotoni au ujanani. Kuna cha aina ya pili, ambapo insulini ipo lakini geti limekuwa gumu, na polepole kongosho nalo linachoka. Hiki ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, hasa watu wazima. Na kuna kisukari cha ujauzito, kinachojitokeza mama akiwa mjamzito.

MWILI UKIOGOPA UNAFANYA NINI?

Kila mmoja wetu anakumbuka siku aliyokimbia. Moyo unapiga, jasho linatoka, miguu inapata nguvu ambayo hukujua unayo. Nguvu ile ilitoka wapi, wakati mlikuwa hamjala tangu jana yake?

Ilitoka ndani ya mwili wenyewe. Mtu akiogopa, mwili unatoa homoni, yaani vitu vinavyobeba ujumbe ndani ya damu. Mojawapo inaitwa adrenalini, nyingine inaitwa kotisoli. Ujumbe wao kwa ini ni mmoja: toa sukari uliyoiweka akiba, mtu huyu anahitaji kukimbia. Ini linafungua ghala lake na kumwaga sukari katika damu. Wakati huohuo homoni hizi zinaizuia insulini isifanye kazi yake vizuri, ili sukari ibaki damuni tayari kwa kutumika.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika karne ya 17 daktari mmoja wa Uingereza, Thomas Willis, aliihusisha sukari na huzuni ya muda mrefu. Baadaye, mwaka 1911, mtaalamu wa Marekani Walter Cannon, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha pamoja na wenzake kwamba paka waliotiwa hofu walikuwa na sukari katika mkojo. Halafu akaja kwa binadamu. Mwaka 1913, baada ya mechi ya mwisho na kali kuliko zote ya msimu, mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya mpira ya chuo hicho ulipimwa (ni mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi). Wachezaji 12 walikutwa na sukari. Na katika hao 12, watano walikuwa wa akiba, walikaa benchi mechi nzima! Hawakukimbia hata hatua moja. Ni wasiwasi tu uliopandisha sukari yao.

Vijana wale hawakuwa wagonjwa. Mechi ilikwisha, wasiwasi ukaisha, sukari ikashuka yenyewe. Mwili uliumbwa hivyo: hofu inakuja, mtu anakimbia, sukari inatumika, mambo yanatulia.

HOFU ISIYOKWISHA

Sasa tuulizane, jamani: kama mechi haiishi je?

Hapo ndipo shida yetu wakimbizi ilipo. Wapo kati yetu walioingia Nyarugusu tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996, wakivuka ziwa kutoka Fizi na Uvira. Wapo ndugu zetu Warundi waliokuja mwaka 2015. Hatari ya siku ile ilikwisha, lakini mawazo hayakukwisha. Kuna wanaosubiri jibu la kuhamishiwa nchi ya tatu mwaka baada ya mwaka. Kuna wanaoogopa habari ya kurudishwa. Kuna mama anayehesabu vikombe vya unga kuona kama vitafika siku ya mgao ujao. Kuna baba aliyekuwa na shamba, mtumbwi au duka, leo hana ruhusa ya kutoka kambini kutafuta kibarua. Na simu nazo zinaleta habari za nyumbani usiku wa manane. Mwaka 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, ni nani aliyelala vizuri?

Mtu wa namna hii hakimbii, amekaa. Lakini ndani mwili wake unapata ujumbe uleule: toa sukari. Ini linatoa, na hakuna kazi ya kuitumia. Ikiwa mtu ana kongosho zima na damu ya ukoo wake haina ugonjwa huu, anaweza kuvumilia miaka mingi. Ikiwa mzazi au ndugu yake ana kisukari, au umri umeenda, au mwili umenenepa hasa tumboni, basi mzigo huu wa mawazo unaongezeka juu ya mizigo mingine. Uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu wenye huzuni kubwa ya muda mrefu, na wale wenye majeraha ya moyo yanayotokana na vita, wanapata kisukari cha aina ya pili zaidi ya wengine.

Na mawazo hayaleti madhara kwa njia ya homoni tu. Mtu mwenye mawazo halali, na kukosa usingizi kunaifanya insulini ishindwe kazi. Anakula ovyo, au hali mchana halafu anakula ugali mwingi usiku. Hatembei, anakaa ndani. Wengine wanakimbilia pombe, iwe gongo au lutuku. Na aliye na dawa anazisahau.

"KUNA NINI NYUMBANI?"

Tunamfahamu mzee mmoja, jina tunaliacha, aliyekuwa akitumia vidonge vya sukari kwa miaka kadhaa bila matatizo. Alikuwa anafuata masharti, na wajukuu wake walikuwa wanajua kwamba chai ya babu haiwekwi sukari. Kisha zikaja habari kwamba kijana wake aliyebaki nyumbani hajulikani alipo.

Mzee hakulia mbele ya watu. Alinyamaza tu. Baada ya wiki chache akaanza kukojoa kila saa usiku, na kiu haikumwacha. Alipopimwa, kipimo kilionyesha 17. Nyumbani wakaanza kulaumiana. Kijana mmoja alisema dawa za siku hizi ni feki. Mwingine alisema babu anakula sukari kwa kujificha. Wakataka kuacha dawa za hospitali na kutafuta za mitishamba.

Siku ya kliniki nesi hakuanza na swali la "umekula nini". Alimuuliza: "Mzee wangu, kuna nini nyumbani?" Hapo ndipo yalipotoka yote. Mzee hakuwa analala. Alikuwa anaogopa kufumba macho. Na dawa za jioni alikuwa anazisahau, siku mbili mpaka tatu kwa wiki. Nesi alipanga upya dawa pamoja na daktari, akampeleka kwa mshauri wa mambo ya moyo na akili, na akawaambia watoto wampe babu dawa mkononi, waone anameza. Hakuna aliyeweza kumrudisha kijana aliyepotea. Lakini baada ya miezi miwili kipimo kilikuwa kimeshuka mpaka 9, na mzee alirudi kukaa nje na wenzake jioni.

Swali la yule nesi linaweza kuulizwa na yeyote. Sukari ikipanda na chakula hakijabadilika, tusianze na lawama. Tuulize: kuna nini?

HOFU, AU SUKARI IMESHUKA?

Hapa tunaomba msome kwa makini, maana linaweza kuokoa mtu. Mgonjwa anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya sukari, anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, hasa akimeza dawa halafu asile. Na kwetu sisi, ambao siku za mwisho wa mgao chakula ni kidogo, hili si jambo la mbali. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuchanganyikiwa au hasira ya ghafla. Ukitazama utasema huyu ana hofu, au pepo amempanda.

Kama kipimo kipo karibu, apimwe. Chini ya 3.9 sukari imeshuka. Kama kipimo hakipo, usisubiri. Mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Lakini kama amezimia au hawezi kumeza, usimpe kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Ndiyo, hata nyumba ya mgonjwa wa sukari inatakiwa kuwa na sukari kidogo ya akiba, kwa ajili ya siku hiyo tu.

WATOTO WETU

Wazazi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza wanajilaumu sana. Mama mmoja alituambia: "Mimi ndiye niliyemwambukiza, nilipokuwa na mimba nililia sana." Hapana, mama. Kisukari hakiambukizi. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili yenyewe inashambulia kongosho. Si machozi yako, wala si chakula ulichompa.

Ila tuwe macho. Darasani tunaangalia mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara, anayekunywa maji bila kutosheka, anayesinzia na kukonda. Nyumbani mtamwona aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena. Msimpige, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo. Akianza kutapika, kupumua kwa haraka na kwa nguvu, au mdomo wake ukinuka kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni hatari, asingoje hata asubuhi. Mtoto huyu anahitaji insulini. Kabla ya mwaka 1922, ilipotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza huko Toronto, Kanada, watoto wa namna hii walikuwa wanakufa. Leo wanasoma, wanakua na wanazaa.

Familia nyingine zina mawazo juu ya kuhifadhi insulini bila friji. Kwa hilo kuna habari njema iliyotoka kambini. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva walifuata joto la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya. Mwaka 2021 walitangaza kwamba insulini iliyowekwa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu kwa wiki 4. Chungu cha udongo kilicholowanishwa, kikiwekwa kivulini, kinasaidia kuipoza. Muulizeni nesi awaonyeshe, na msiiache kamwe juani.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Kupima. Mwenye kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara, kukonda, macho kuona ukungu, ganzi miguuni au kidonda kisichopona, aende akapimwe. Kabla ya kula asubuhi, kipimo cha 7.0 au zaidi (au 126 kwa mashine nyingine) kinaonyesha kisukari. Wakati wowote mwingine, 11.1 au zaidi (200) pamoja na dalili. Kwa kawaida mtu asiye na dalili anapimwa zaidi ya mara moja kabla ya kuambiwa ni mgonjwa.

2. Dawa kila siku. Msigawe kidonge nusu ili kibane matumizi, wala msimpe jirani. Mtoto mmoja mkubwa apewe kazi ya kumkumbusha mgonjwa.

3. Chakula tulicho nacho. Hatutawaambia mnunue nyama kila siku, tunajua hali. Lakini mgonjwa apunguze ukubwa wa bonge la ugali na aongeze maharage, lengalenga, matembele au sombe. Ale kidogo kwa saa zilezile, asikae na njaa kutwa nzima kisha ajaze tumbo usiku. Soda na chai ya sukari nyingi aache.

4. Kutembea. Nusu saa kwa siku, siku nyingi za wiki, inatosha kwa mtu mwenye nguvu. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari bila kusubiri sana geti lifunguliwe. Tena kutembea kunapunguza mawazo. Mchana ni bora kuliko usiku, na miguu ivishwe viatu, maana kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari si cha kuchezea.

5. Usingizi. Simu zifungwe mapema. Habari za vita zikisikilizwa mara moja kwa siku zinatosha, hazitabadilika kwa sababu sisi hatukulala. Asiyepata usingizi ajaribu kuvuta pumzi polepole kwa pua, kuishusha polepole zaidi kwa mdomo, kwa dakika kama tano.

6. Kuzungumza. Kwaya, kikundi cha akina mama, bustani ya pamoja, wazee wa bao, vyote hivi ni dawa ya mawazo. Na majonzi yakizidi, mtu akawa hali, halali, au anasema heri afe, apelekwe kwa washauri wa hospitalini. Kwenda kwao si kuwa kichaa.

JE, MAOMBI NA KUFUNGA?

Swali hili lazima tuliguse. Sala inatuliza moyo, na moyo uliotulia unasaidia sukari. Hakuna ubaya. Ubaya unakuja pale mtu anapoambiwa aache dawa ili aonyeshe imani. Anayetumia insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Kufunga nako, iwe Ramadhani au maombi ya siku tatu bila kula, mgonjwa amwone kwanza daktari. Uislamu unamruhusu mgonjwa asifunge, na wachungaji wengi nao watakuambia Mungu hakudai uhai wako. Mchungaji na shehe wanaosoma gazeti hili, tunawaomba mtusaidie kulisema hilo madhabahuni na msikitini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa wa sukari anaficha mara mbili: anaficha ugonjwa, tena anaficha yanayomsumbua moyoni. Kwa hiyo jioni ya leo, mkimaliza kula, mwangalie nani hapo nyumbani amenyamaza siku hizi. Kaeni karibu naye, mwulizeni kuna nini, mmsikilize mpaka mwisho. Na siku ya kliniki ikifika, mmoja wenu amsindikize.